Maswali ya Wasomaji: Runi Kwanza, Monsta Baadaye

Barua nyingi za toleo hili zinahusu mchezo mmoja: Summoners War: Sky Arena, wa kampuni ya Com2uS ya Korea Kusini, uliotoka mwaka 2014. Kwa ambaye hajaugusa, ni mchezo wa simu ambao kuuanza ni bure. Unakusanya monsta, unawavisha runi sita kila mmoja (mawe ya kuwaongezea nguvu), unawapeleka vitani wapigane kwa zamu. Monsta wana asili tano. Moto hushinda upepo, upepo hushinda maji, maji hushinda moto, na nuru na giza huumizana zenyewe kwa zenyewe. Tumejibu tukiwafikiria wachezaji wasiotoa hela, au wanaotoa kidogo.

Nimeita monsta kwa miezi kadhaa na sijapata hata mmoja wa nyota 5. Je, akaunti yangu ina kasoro?

Haina. Tatizo ni hesabu yenyewe. Mystical Scroll, skroli ya kuitia monsta, hutoa monsta wa nyota 3 hadi 5, na uwezekano wa kupata nyota 5 ni asilimia 0.5 kwa kila skroli. Nyota 4 ni asilimia 8. Zinazobaki, asilimia 91.5, ni nyota 3. Watu husikia asilimia 0.5 wakadhani maana yake ni kwamba ukifungua skroli 200 lazima mmoja atoke. Sivyo. Ukifungua 100, uwezekano wa kupata angalau mmoja ni kama asilimia 39. Ukifungua 200 unafika 63. Ili ufike asilimia 90 unahitaji skroli 460 hivi, na hata hapo katika kila wachezaji kumi mmoja ataondoka mikono mitupu. Skroli ya leo haijui kwamba ya jana ilikunyima.

Sasa geuza macho utazame nyota 4. Kwa skroli 30 tu una asilimia 92 hivi ya kupata angalau mmoja. Na habari njema ni kwamba kazi nyingi za kila siku hufanywa na monsta wa nyota 3 na 4. Bernard (griffon wa upepo) na Belladeon (inugami wa nuru) ni wa nyota 3 kwa kuzaliwa, na wapo kwenye vikosi vya watu waliocheza miaka. Mwenye monsta wa nyota 5 aliyevaa runi ovyo hupigwa na mwenye Bernard aliyevishwa vizuri, tena bila shida.

Kwa hiyo usitumie kristali zako (sarafu ya thamani ya mchezo) kuita. Kuita mara moja moja kwa kristali hugharimu 75, na tumeona hapo juu 75 hizo zinanunua bahati ya kiasi gani. Kwa mchezaji mchanga kristali zina faida kubwa zaidi zikienda kwenye nishati, inayotumika kuingia vitani, kwa sababu nishati hugeuka runi kila siku. Skroli unazopewa bure kwa misheni na matukio zinatosha.

Tabia ya kusoma jedwali la uwezekano kabla ya kununua kifurushi chochote ni nzuri kwa mchezo wowote wa aina hii. Apple ilianza kudai asilimia hizo zionyeshwe mwezi Desemba 2017, na Korea Kusini imelifanya kuwa sharti la kisheria tangu Machi 2024. Jedwali lipo, shida ni kwamba wengi hawalifungui.

Mana (hela ya mchezo ya kupandishia runi) inaniishia na ghala la runi limejaa. Nitajuaje runi ya kuweka na ya kuuza?

Hili ndilo swali kuu la mchezo mzima, na tutalikalia.

Anza na nafasi. Runi za nafasi ya 1, 3 na 5 zina sifa kuu isiyobadilika: ya 1 ni shambulio la namba, ya 3 ni ulinzi wa namba, ya 5 ni uhai wa namba. Hapo huchagui sifa kuu. Unachagua sifa ndogo tu, zile zinazoandikwa chini ya sifa kuu. Nafasi ya 2, 4 na 6 ndizo zenye sifa kuu tofauti tofauti. Kasi hupatikana nafasi ya 2 peke yake. Uwezekano wa kriti (pigo lenye nguvu ya ziada) na nguvu ya kriti hupatikana nafasi ya 4. Usahihi (wa kumshikisha adui athari mbaya) na ukinzani (wa kuzikataa) ni nafasi ya 6. Asilimia za shambulio, ulinzi na uhai zinapatikana zote tatu.

Kanuni ya kwanza inafuata hapo: runi ya nafasi ya 2, 4 au 6 ambayo sifa yake kuu ni namba tupu badala ya asilimia, uza. Ukiona nafasi ya 4 imeandikwa shambulio +22 na si shambulio +11%, usiihurumie kwa sababu ina rangi ya chungwa. Runi ya nyota 6 yenye asilimia hufika 63% ikipandishwa hadi ngazi ya mwisho, +15. Ile ya namba huishia 160, na monsta wa kushambulia mwenye shambulio la msingi 800 hupata 504 kutoka kwenye ile ya asilimia. Tofauti ni mara tatu.

Kanuni ya pili ni rangi, na hapa wengi wanakosea kwa sababu hawajui rangi inafanya nini hasa. Nyeupe haina sifa ndogo, kijani ina 1, buluu 2, zambarau 3, chungwa 4. Ukipandisha runi, kitu hutokea kwenye sifa ndogo mara nne: +3, +6, +9 na +12. Mchezo kwanza huongeza sifa zilizopo, kisha ndio hujaza zilizokosekana. Runi ya buluu basi hupata nyongeza mbili (+3 na +6), halafu +9 na +12 huleta sifa mpya ndogo ndogo. Zambarau hupata nyongeza tatu na sifa moja mpya. Chungwa hupata nyongeza zote nne.

Ichukue kasi, ambayo kwenye runi ya nyota 6 huja kati ya 4 na 6 kila inapoguswa. Buluu yenye kasi haiwezi kuzidi 18 hata bahati ikufuate kila hatua. Zambarau mwisho wake 24. Chungwa mwisho wake 30. Ndiyo maana runi ya chungwa yenye kasi hujaribiwa, na ya buluu yenye kasi hupandishwa hadi +6 tu na kuangaliwa.

Kanuni ya tatu: tazama sifa ndogo ngapi zina kazi kwa monsta mmoja. Mfano. Umepata runi ya seti ya Swift (runi za seti moja zikivaliwa pamoja hutoa nyongeza), nafasi ya 6, nyota 6, zambarau. Sifa kuu ni uhai 11%. Sifa ndogo: kasi +5, usahihi 6%, ulinzi +15. Mbili za kwanza zinamfaa monsta wa kusaidia. Ya tatu ni namba tupu, haina maana kubwa. Ipandishe hadi +3. Imegusa kasi, sasa ni +10. Endelea hadi +6. Imegusa ulinzi. Bado ina matumaini, nenda +9. Ikigusa kasi au usahihi, ni runi ya kuweka, malizia. Ikirudi tena kwenye ulinzi, simama hapo. Ivae kwa muda au uuze. Gharama ya mana huongezeka kadiri unavyopanda na majaribio hushindwa zaidi kuanzia +9, kwa hiyo kosa la kupandisha runi mbaya hadi +12 "ili tuone" ndilo linalokumalizia mana.

Ukishaamua kuiweka runi ya nafasi ya 2, 4 au 6, ifikishe +15. Usiishie +12. Sifa kuu ya asilimia kwenye nyota 6 huwa 47% ikiwa +12 na 53% ikiwa +14, kisha ile hatua moja ya mwisho huiruka hadi 63%. Kasi vilevile: 31 kwa +12, 35 kwa +14, 42 kwa +15. Nafasi ya 1, 3 na 5 zinaweza kubaki +12 kwa muda mrefu bila hasara ya kutisha, maana baada ya +12 sifa ndogo haziguswi tena.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. Nafasi ya 1 haiwezi kuwa na ulinzi kama sifa ndogo, na nafasi ya 3 haiwezi kuwa na shambulio, kwa hiyo usipoteze miezi ukitafuta runi ambayo haipo. Na ile sifa ya ziada inayokaa juu kabisa, pamoja na jina la runi, haiongezeki katika kupandisha. Ihesabu kama zawadi, usiihesabu kama sifa ya tano.

Seti ya Swift inasema kasi +25%. Nimeivaa lakini kasi haikuongezeka kwa robo. Imekuwaje?

Asilimia zote za kasi hupigwa kwenye kasi ya msingi ya monsta, si kwenye jumla unayoiona. Monsta mwenye msingi wa 100 hupata 25 kutoka Swift, hata kama runi nyingine zimemfikisha 180. Sanamu ya Sky Tribe Totem kwenye kisiwa chako ikifika ngazi ya 10 huongeza 15%, nayo ni ya msingi: pointi 15. Runi ya nafasi ya 2 iliyofika +15 humpa 42 kamili. Tuseme sifa ndogo zikaleta 40. Jumla: 100 + 25 + 15 + 42 + 40 = 222. Ukiwa na kiongozi wa kikosi anayeongeza kasi, naye huhesabiwa kwa msingi.

Tumia pointi zako za uwanjani kwenye Totem kabla ya majengo mengine. Inaongeza kasi ya kila monsta ulionao, leo na kesho, na haivuliwi.

Kuhusu kupanga zamu, hapa kuna hesabu ambayo tungependa kila msomaji aijaribu kwa kalamu. Bernard ana mbinu inayosogeza mstari wa zamu wa kikosi kizima kwa 30% na kukiongezea kasi. Bernard wako akiwa na kasi 200, mstari wake unapojaa 100, monsta mwenzake wa kasi 140 atakuwa amefika 70. Bernard akitumia mbinu hiyo, 70 inakuwa 100, na mwenzake anacheza mara moja. Kwa hiyo wenzake wote wakifikisha asilimia 70 ya kasi ya Bernard, kikosi chako chote kitacheza kabla ya adui yeyote asiye na kasi kubwa kuliko Bernard. Ongeza pointi tano hivi juu ya 140 kwa usalama, kwa sababu mchezo husogeza mistari kwa hatua hatua, na monsta anaweza kukosa hatua moja akapitwa. Kumbuka kuhesabu kasi zote kwa pamoja baada ya Totem, maana Totem humnufaisha zaidi mwenye msingi mkubwa.

Mpangilio wenyewe: wa kusogeza zamu kwanza, wa kuvunja ulinzi (kuupunguza ulinzi wa adui) wa pili, wa kupiga wa mwisho. Mpigaji akimtangulia mvunja ulinzi, umepoteza pigo lako bora. Kosa hili ni la kila siku na dawa yake ni kumvua mpigaji runi ya kasi, jambo ambalo wengi wanaliogopa bila sababu.

Monsta wangu ana usahihi mkubwa lakini kuvunja ulinzi kunashindikana mara nyingi. Kwa nini?

Kuna milango mitatu, na usahihi hufungua mmoja tu.

Wa kwanza ni mbinu yenyewe. Pigo la kwanza la Belladeon, kwa mfano, lina uwezekano wa asilimia 50 kabla hujaliboresha. Usahihi hauongezi namba hiyo. Inaongezwa kwa kumlisha monsta wa ukoo wake au Devilmon, monsta maalum wa kuboresha mbinu za yeyote.

Wa pili ni asili. Monsta wa moto akimpiga wa maji, pigo linaweza kuteleza. Pigo lililoteleza huumiza pungufu kwa 30%, na athari mbaya haiwezi kushika kabisa. Ukiona neno hilo likiruka juu ya adui, hakuna usahihi utakaokuokoa; badilisha monsta.

Wa tatu ndio wa usahihi. Mchezo huchukua ukinzani wa adui, huondoa usahihi wako, na kinachobaki ni uwezekano wa adui kukataa. Lakini haushuki chini ya 15%. Adui mwenye ukinzani 55 na wewe una usahihi 25, atakataa mara 30 katika 100. Ukiwa na 40, atakataa mara 15. Ukiwa na 70 dhidi ya huyohuyo, bado ni 15. Na kwa kuwa ukinzani hauzidi 100, usahihi wa 85 ndio mwisho wa kuhangaika. Unaozidi hapo ni runi iliyopotea.

Weka pamoja: mbinu ya 50%, adui akibaki na 15 zake, unapata 42.5% kwa pigo. Kwa mapigo matatu uwezekano wa kushika angalau mara moja ni 81%. Kwa hiyo ukileta wavunja ulinzi wawili wenye usahihi wa kadiri utatulia zaidi kuliko ukileta mmoja uliyemjaza usahihi hadi juu.

Nimempata Lushen, nimemvisha runi za kasi na uhai ili asife. Anapiga kama anapapasa.

Lushen, joker wa upepo, anaitwa kwa kazi moja: mbinu yake ya tatu hurusha karata kwa maadui wote na haijali ulinzi wao. Akiishi zamu moja na kupiga vizuri ametimiza kazi. Mvue uhai.

Mpe shambulio % nafasi ya 2, nguvu ya kriti nafasi ya 4, shambulio % nafasi ya 6. Kila monsta huanza na nguvu ya kriti ya 50%, yaani pigo la kriti ni mara 1.5. Runi ya nafasi ya 4 ikifika +15 huongeza 80, na pigo linakuwa mara 2.3. Huwezi kulipata hilo kwa sifa ndogo.

Shida inayobaki ni uwezekano wa kriti. Msingi ni 15%. Seti ya Blade huongeza 12, ni 27. Ukitaka 100 inabidi sifa ndogo za runi sita zikupe 73, wastani wa 12 kila moja. Ni kazi ya muda. Dhidi ya maji, Lushen huongezewa 15 kwa kuwa asili yake ni bora, hivyo 85 hutosha. Dhidi ya moto hupunguzwa kiasi hichohicho. Anza kwa kulenga 80, usisubiri ukamilifu.

Fatal au Rage? Wengi wanaonea aibu Fatal. Fatal huongeza shambulio 35%, Rage huongeza nguvu ya kriti 40%. Kwa runi tulizotaja, shambulio tayari ni mara 2.26 ya msingi. Fatal huifikisha 2.61, nyongeza ya asilimia 15.5. Rage huitoa nguvu ya kriti 2.3 hadi 2.7, asilimia 17.4, na hiyo ni pale kriti inapotokea tu. Tofauti ni ndogo sana, na Fatal inadondoka Giant's Keep, pango la kusakia runi, ambako mchezaji mchanga tayari anashinda. Mvike Fatal na Blade leo.

Halafu jambo moja: kwa kuwa mbinu yake haijali ulinzi, usimwekee mvunja ulinzi kwa ajili yake. Nafasi hiyo mpe wa kuongeza shambulio au wa kusogeza zamu.

Nimpandishe nani nyota 6 kwanza?

Yule anayepigana kila siku, hata kama ni wa kawaida. Hesabu ya gharama itakuonyesha kwa nini. Kupandisha nyota 5 kwenda 6 kunahitaji monsta mwenyewe awe ngazi ya juu kabisa, yaani 35, na alishwe nyota 5 watano. Kila nyota 5 hutengenezwa kwa nyota 4 mmoja aliyefika ngazi 30 na wengine wanne. Kila nyota 4 ni nyota 3 mmoja wa ngazi 25 na wengine watatu. Zidisha: 6 × 5 × 4. Nyota 6 mmoja amekula, pamoja na yeye mwenyewe, nyota 3 wapatao 120.

Ni anayepandishwa tu ndiye lazima awe amefika ngazi ya juu. Wa kulishwa wanaweza kuwa ngazi ya 1. Wachezaji wapya wengi hupoteza siku nzima wakimkuza kila monsta wa chakula. Kuza mmoja katika kila kundi. Na Rainbowmon (monsta maalum wa kupandishia nyota) unaopewa kwenye matukio huja wakiwa wameshafika ngazi ya juu, kwa hiyo wape kazi hiyo ya kupandishwa nyota, usiwamalize kwa kuwalisha hivihivi.

Monsta wa kwanza wa nyota 6 anatakiwa awe na uwezo wa kupiga hatua peke yake akiwabeba watatu dhaifu mgongoni. Wengi huwapeleka eneo la Faimon Volcano, hatua ya kwanza, kwa sababu maadui wake hufa upesi. Akishapatikana huyo, wa pili na wa tatu huja kwa kasi tofauti kabisa.

Giant's Keep, Dragon's Lair au Necropolis?

Giant's Keep kwanza, na kaa huko muda mrefu kuliko unavyotaka. Ndiko zinakotoka Swift, Fatal, Blade, Energy na Despair, na seti hizo zinatosha kujenga kikosi cha kwanza chote. Jitu la huko hujibu mapigo likishapigwa mara kadhaa, hivyo monsta wanaopiga mara nyingi kwa zamu moja huliamsha kabla hujajiandaa. Leta mganga, wavunja ulinzi, na wapigaji wa pigo moja zito.

Dragon's Lair hutoa Violent, inayompa monsta asilimia 22 ya kucheza tena. Joka humwaga athari mbaya, kwa hiyo unahitaji wa kuziondoa. Veromos hufanya hivyo kila zamu yake, na anatengenezwa kwa kuunganisha monsta wengine, bila kutegemea bahati ya skroli. Necropolis ni kinyume cha Giant's Keep: bosi ana ngao inayopungua kwa idadi ya mapigo, na hapo wale wanaopiga mara nyingi ndio wenye thamani.

Mara nyingi tunaulizwa kama ni bora kikosi cha haraka kinachoanguka mara moja moja. Piga hesabu ya saa moja. Kikosi cha dakika 3 kisichoshindwa huleta ushindi 20 kwa kuingia mara 20. Kikosi cha dakika 2 kinachoshinda mara 7 katika 10 huleta ushindi 21, lakini kimeingia mara 30. Umelipa nishati nusu zaidi kwa runi moja ya ziada. Kwa asiyenunua nishati, uhakika ni bora kuliko haraka.

Mwanangu ana miaka tisa na anaupenda mchezo huu. Nitazuiaje asinunue vifurushi kwa simu yangu?

Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha ya wasifu juu, ingia Mipangilio, tafuta uthibitishaji wa ununuzi, chagua udai nenosiri au alama ya kidole kila mara. Usichague ile ya kila dakika 30. Ndani ya dakika hizo mtoto anaweza kununua mara kumi. Kwenye iPhone, ingia Mipangilio, kisha Muda wa Skrini, kisha vizuizi vya maudhui na faragha, halafu zima ununuzi wa ndani ya programu. Weka namba ya siri ya Muda wa Skrini iliyo tofauti na ya kufungulia simu. Kama kidole cha mtoto kimesajiliwa kwenye simu yako, kifute kwanza, la sivyo kazi yote haina maana.

Nilicheza kama mgeni, simu ikaharibika. Akaunti imepotea?

Akaunti ya mgeni hukaa kwenye simu, na simu ikienda, kuirudisha ni kazi ngumu. Andika kwa huduma ya wateja ukitaja seva, jina la mchezaji, ngazi, na risiti ya ununuzi wowote uliowahi kufanya. Kwa wanaosoma hili simu zao zikiwa nzima: unganisha akaunti na Hive, mfumo wa akaunti wa Com2uS, leo. Na kumbuka jina la seva yako. Kila seva ina akaunti yake, na wapo wanaodhani wamepoteza kila kitu kumbe wameingia Asia badala ya Global.

Nina inugami watatu wa asili tofauti. Niwaweke au niwalishe?

Weka mmoja wa kila asili unayokusudia kumtumia. Anayezidi awe chakula cha yule wa nuru ili mbinu za huyo wa nuru ziboreke. Ukoo ukiwa mmoja, asili haijalishi: inugami wa moto humwongezea ujuzi inugami wa nuru sawasawa na wa nuru mwenzake. Mbinu itakayopanda huchaguliwa na mchezo, si na wewe. Devilmon usiwatumie kwa ukoo wa nyota 3 kama huu, ambao chakula chake kinapatikana kwenye skroli kila wiki. Watunzie wa nyota 5, ambao ndugu zao huenda usiwaone kamwe. Na kabla ya kubonyeza, gusa alama ya kufuli kwa kila monsta unayemthamini. Dirisha la kulisha hupanga monsta kwa nyota, na Belladeon ambaye hajaamshwa (hajapewa umbo lake jipya) anafanana sana na wale unaotaka kuwalisha.